Kisima kimetoa DDT? Iulize blanki kwanza

Dar es Salaam ina visima vya kila aina. Kifupi cha bonde la Msimbazi kiko hatua chache kutoka kwenye matuta ya mchicha. Kirefu cha Kigamboni kinaweza kuvuta maji yenye chumvi. Cha Mbezi kimechimbwa nyuma ya nyumba ambayo msingi wake ulinyunyiziwa dawa ya mchwa kabla ya kumwaga zege. Sampuli za visima hivi vitatu zikifika maabara asubuhi moja, mara nyingi hupitishwa njia ileile: lita moja ya maji, katriji (kibomba chenye chembe zinazonasa kemikali), mililita moja ya kiyeyushi cha kuzitoa humo, kisha mashine ya kromatografia inayozitenganisha. Na zinaweza kutoa majibu matatu ya uongo, kila moja kwa sababu yake.

Mwongozo huu ni wa fundi wa maabara au mwanafunzi wa kemia anayetafuta viuatilifu, yaani dawa za wadudu na magugu kama DDT, kwenye maji ya kisima, na aliyekaa mbele ya kromatogramu (mchoro wa vilele unaotolewa na mashine) asiyoielewa. Nimeupanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye skrini, halafu sababu zake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mashine hulaumiwa kupita kiasi. Makosa mengi huwa yameshatokea kabla sindano haijatoboa septa, kizibo cha mpira cha kudungia. Yalitokea kwenye chupa, kwenye bomba, kwenye katriji, hata kwenye mikono ya aliyechota maji.

Sababu ni udogo wa kiasi tunachokitafuta. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 0.03 kwa lita kwa aldrini na dieldrini zikijumlishwa, 1 kwa DDT na kemikali zitokanazo na kuvunjika kwake, 2 kwa lindani na 30 kwa kloropirifosi. Umoja wa Ulaya umekaza zaidi: 0.1 kwa kiuatilifu kimoja na 0.5 kwa jumla ya vyote. Piga hesabu: gramu moja ya kiuatilifu inatosha kufikisha lita milioni 10 kwenye kikomo hicho cha 0.1, yaani maboza 1,000 ya lita 10,000 kila moja. Ukiwa unatafuta kitu kidogo namna hiyo, vumbi la mezani nalo lina neno la kusema.

Usianze kutafuta kosa bila vitu hivi

Kila kundi la sampuli liwe na blanki ya maabara, yaani maji safi yaliyopitishwa njia yote kama sampuli. Liwe na blanki ya uwandani: chupa ya maji safi iliyosafiri hadi kisimani, ikafunguliwa palepale, ikarudi na wenzake kwenye kisanduku cha barafu. Liwe na spaiki, yaani maji ya kisima kimojawapo yaliyotiwa kiasi unachokijua cha viuatilifu unavyovitafuta. Na kila chupa, blanki zikiwemo, itiwe kemikali ya ufuatiliaji ambayo haipatikani kwenye mazingira. Kwa kundi la organoklorini, yaani viuatilifu vyenye klorini kama DDT, wengi hutumia tetrakloro-meta-zailini.

Vinne hivyo visipokuwepo, dalili zote zilizo hapa chini zitabaki kuwa za kubahatisha.

Dalili: blanki yenyewe ina vilele

Hii ndiyo dalili inayofichwa zaidi, na ndiyo yenye faida zaidi ukiifuata mpaka mwisho. Usichukue kiasi cha blanki ukakitoa kwenye sampuli ukadhani umemaliza. Uchafu wa blanki haugawanyiki sawa kwa sawa. Leo uko kwenye chupa hii, kesho uko kwenye ile.

Fuata mnyororo kwa vipande. Chukua kiyeyushi moja kwa moja kutoka kwenye chupa yake, kidunge. Kama ni safi, chukua mililita 100 za kiyeyushi hichohicho, zipunguze hadi mililita moja, dunga tena. Hapo uchafu uliokuwa umejificha hujitokeza mara 100. Kama bado ni safi, pitisha kiyeyushi kwenye katriji mpya isiyopita maji. Halafu katriji na maji ya blanki. Halafu sodiamu salfeti unayokaushia. Hatua ambayo kilele kinajitokeza kwa mara ya kwanza ndiyo yenye kosa. Kazi hii inachosha, lakini inaisha ndani ya siku moja, na inaokoa wiki za kubishana.

Wanaokamatwa mara kwa mara ni hawa. Wa kwanza ni thaleti kutoka kwenye plastiki: glavu, mipira ya mabomba, vifuniko, ndoo. Kwenye detekta ya kunasa elektroni (kihisio cha mashine kinachotumika kwa organoklorini) zinatoa vilele vinavyoweza kukaa karibu kabisa na organoklorini, na ukiwa na spektrometa ya masi, inayopima uzito wa vipande vya molekuli viitwavyo ioni, utazitambua kwa ioni ya 149. Vyombo vya kioo visivyo vya kupimia ujazo vichomwe kwenye tanuri kwa nyuzi 400, na sodiamu salfeti vilevile.

Wa pili ni maji ya blanki yenyewe. Maabara nyingi za mjini hukeneka (huchemsha na kukusanya mvuke wa) maji ya bomba au ya kisima cha hapohapo uani, kisha huyahifadhi kwenye dumu la plastiki. Kukeneka hakuondoi kila kitu. Kemikali zinazoruka na mvuke huruka pamoja nao na kudondoka upande wa pili. Yapitishe kwenye kaboni hai, yahifadhi kwenye kioo, na uyapime kabla hujayaita safi.

Wa tatu ni dawa ya mbu. Ukiona saipamethrini, pamethrini au delitamethrini kwenye blanki ya Jumatatu, uliza kama jengo lilipuliziwa dawa mwishoni mwa wiki. Wenye majengo hawana desturi ya kuwauliza wanakemia. Dawa hukaa juu ya meza, kwenye kiyoyozi, kwenye mapazia. Futa meza kwa pamba safi iliyoloweshwa hekseni, idunge hekseni hiyo, na utakuwa na ushahidi wa kumpelekea msimamizi wa jengo. Ndugu yake ni DEET, iliyomo kwenye losheni nyingi za kujikinga na mbu. Mchota sampuli akijipaka jioni ya Mbagala ndipo akafungua chupa, blanki ya uwandani itaonyesha ioni za 119 na 91, na ya maabara haitaonyesha kitu. Tofauti ya blanki hizo mbili inakwambia kosa liko njiani, si ndani.

Dalili: DDE na DDD ni nyingi, DDT ni kidogo

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu kosa hili hubadilisha hadithi nzima ya kisima.

Watafiti wa mazingira husoma umri wa uchafuzi kwa uwiano. DDT ikikaa ardhini muda mrefu huvunjika kuwa DDE kwenye hewa na DDD mahali pasipo na oksijeni. Kwa hiyo DDE na DDD zikizidi DDT, ripoti husema "uchafuzi wa zamani"; DDT ikizidi, ripoti husema kuna mtu anaitumia sasa. Kwetu si swali la vitabuni tu. Kule Vikuge, wilayani Kibaha, viuatilifu vilivyopitwa na muda, DDT ikiwemo, viliachwa tangu miaka ya 1980, na udongo wa pale umewahi kuchunguzwa na wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu anayepima visima vya upande huo anategemea uwiano ule umwambie kitu cha kweli.

Shida ni kwamba DDT huvunjika pia ndani ya mashine, kwenye mdomo wa kudungia wenye joto la nyuzi 250 hivi, ikikutana na laina chafu, yaani kibomba cha kioo kilicho ndani ya mdomo huo. Mabaki ya sampuli zilizotangulia, hasa maji ya kahawia ya kisima kifupi, hujenga utando kwenye laina na kwenye sentimita za mwanzo za kolamu, mrija mwembamba unaotenganisha kemikali. DDT inaingia nzima, inatoka vipande. Skrini inaonyesha uchafuzi wa zamani mahali ambapo pengine ni mpya.

Namna ya kujua ni rahisi. Dunga standadi (myeyuko wa kiasi unachokijua) ya DDT tupu, isiyo na DDE wala DDD. Jumlisha maeneo ya vilele vya DDE na DDD, gawa kwa jumla ya maeneo yote matatu. Fanya hivyohivyo kwa endrini, organoklorini nyingine, ambayo huvunjika kuwa endrini aldihaidi na endrini ketoni. Kila moja isizidi asilimia 15. Ikizidi, simamisha kazi: badilisha laina kwa iliyotulizwa kikemia, badilisha septa, kata sentimita 20 au 30 za mwanzo wa kolamu, kisha rudia. Kama bado inavunja, angalia bamba la dhahabu chini ya laina, wengi hulisahau.

Jaribio hili lifanyike mwanzo wa kila siku na tena baada ya sampuli 10 au 12. Siku ukiwa na sampuli za bondeni zenye tope, fanya mara nyingi zaidi. Na sampuli zilizodungwa kati ya jaribio zuri la mwisho na jaribio baya la kwanza zirudiwe zote, hata kama matokeo yake yanapendeza.

Dalili: mlima mkubwa mwanzoni mwa kromatogramu

Detekta ya kunasa elektroni inaipenda salfa kuliko unavyofikiri. Kama kisima kilinuka yai viza wakati wa kuchota, jibu unalo tayari. Maji ya ardhini yasiyo na oksijeni, kama yale ya karibu na mikoko na mabonde yenye tope jeusi, hubeba sulfidi. Zikikutana na hewa hugeuka salfa, nayo huingia kwenye kiyeyushi bila kizuizi. Kilele chake kipana kinaweza kufunika heptakloro, aldrini na jirani zao.

Tia kwenye dondoo, yaani kiyeyushi kilichobeba kemikali za sampuli, unga wa shaba uliosafishwa kwa asidi hafifu, ukaoshwa kwa maji, asetoni na hekseni hadi ung'ae. Tikisa. Shaba ikiwa nyeusi, ongeza nyingine, hadi ibaki inang'aa. Tahadhari moja: shaba huweza kuharibu baadhi ya organofosfati (viuatilifu vyenye fosforasi, kama kloropirifosi), kwa hiyo gawa dondoo kabla, nusu kwa organoklorini na nusu isiguswe. Na spaiki nayo ipitie shaba, isije ikawa unasafisha hata unachokitafuta.

Dalili: spaiki inarudi pungufu

Urejeshaji unaokubalika kwa kawaida ni kati ya asilimia 70 na 120, na marudio yasitofautiane kwa zaidi ya asilimia 20. Ukipata 40, usikimbilie kubadilisha katriji. Jiulize kwanza: nani amepotea?

Wamepotea wote kwa kiwango kimoja, pamoja na kemikali ya ufuatiliaji? Tafuta kosa la ujazo au la katriji. Katriji ya C18 ikishaloweshwa kwa methanoli na maji haitakiwi kukauka kabla sampuli haijaanza kupita. Mtu akienda kupokea simu wakati huo, hewa inaingia, na maji yanapita pembeni bila kugusana na vishikio. Mwendo nao usizidi mililita 10 kwa dakika. Pampu ya kuvuta ikiwa na nguvu sana, punguza.

Wamepotea wanaopenda maji tu, kama dezithili-atrazini (itokanayo na kuvunjika kwa atrazini, dawa ya magugu), na wengine wako salama? Hao wamepitiliza. C18 haiwashiki vizuri, na lita nzima ni nyingi kwao. Punguza ujazo au tumia katriji ya polima inayoshika vyote, vya maji na vya mafuta.

Wamepotea wanaopenda mafuta tu, kama DDT na saipamethrini? Wamebaki kwenye ukuta wa chupa. Kila mara suuza chupa tupu kwa kiyeyushi na ukimwage kwenye dondoo, tena ichukue chupa nzima, usigawe sampuli ya organoklorini kwa kumimina. Chupa ya plastiki kwa kundi hili ni kujitafutia hasara.

Wamepotea wepesi kama diklovosi? Umekausha mno. Nitrojeni inapopulizwa juu ya dondoo, mwisho wake uangaliwe kwa macho. Bakiza nusu mililita, usiache tyubu ikauke wakati unanywa chai. Halijoto ya maji ya kuogeshea tyubu isizidi 40.

Wamepotea organofosfati na kabameti (kundi la kabofurani)? Hapo angalia pH na tarehe. Kloropirifosi, kabofurani na endosalfani huvunjika haraka maji yakiwa ya alkali, na zaidi joto likiwepo. Chupa iliyokaa kwenye buti la gari kwenye foleni ya Kilwa Road mchana wa Februari haina sampuli tena ya kuaminika. Barafu ianze kisimani, na dondoo litengenezwe ndani ya siku 7. Maji ya kupima kabofurani yatiwe asidi hadi pH 3 hivi palepale. Maji ya bomba yaliyochanganywa na klorini yatiwe sodiamu thaiosalfeti, maana klorini inaendelea kula viuatilifu hadi ndani ya chupa.

Dalili: spaiki inarudi asilimia 150

Watu hufurahia dalili hii. Haistahili furaha.

Kwenye kromatografia ya gesi, sababu kuu ni maji yenyewe. Standadi iliyo kwenye hekseni safi hupoteza sehemu yake kwenye madoa ya laina. Sampuli yenye uchafu wa asili huyafunika madoa hayo, kiuatilifu kinapita chote. Tatizo hapo ni standadi inayosomeka pungufu, na sampuli inaonekana imezidi. Tengeneza standadi zako ndani ya dondoo la maji ya kisima kinachojulikana kuwa safi, na tofauti hiyo itapungua.

Kinyume chake kipo, na joto la mji huu linakisaidia. Kichupa cha standadi kikishatobolewa septa na kuachwa kwenye trei, kiyeyushi kinageuka mvuke kidogo kidogo. Standadi inakuwa nzito kuliko lebo yake, na sampuli zote zinasomeka pungufu bila wewe kugusa kitu. Pima uzito wa kichupa kabla ya kukirudisha kwenye friji, uandike kwenye lebo. Kikirudi kesho chepesi zaidi, kitupe.

Dalili: visima vya pwani vinatoa ishara dhaifu

Kwenye kromatografia ya kimiminika yenye spektrometa mbili za masi, chumvi na asidi za udongo huingia kwenye chanzo cha ioni (sehemu inayozipa molekuli chaji) wakati mmoja na kiuatilifu na kukinyang'anya chaji. Standadi inang'aa, sampuli ya Kigamboni inasinzia. Pima upitishaji umeme wa kila chupa unapoipokea. Yenye maelfu ya mikrosimensi kwa sentimita iwekee alama. Osha katriji kwa maji yenye methanoli asilimia 5 kabla ya kutoa, elekeza dakika ya kwanza ya mtiririko kwenye taka badala ya chanzo, na tumia standadi ya ndani yenye deuteri (hidrojeni nzito), kwa mfano atrazini-d5, ambayo hukandamizwa sawasawa na atrazini na hivyo kurekebisha hesabu. Kama huna, zimua dondoo mara 10 kwa kiyeyushi, urudie. Matokeo yakipanda baada ya kuzidisha, ulikuwa umekandamizwa.

Dalili: mstari wa chini unayumba baada ya umeme kukatika

Hewa imeingia. Kwenye spektrometa angalia ioni za 18, 28 na 32. Kwenye detekta ya kunasa elektroni angalia mstari uliopanda na kukataa kushuka. Kaza viungio, badilisha mitego ya oksijeni na unyevu, subiri. Ioni za 207 na 281 ni siloksani za septa au kolamu, si kiuatilifu. UPS inunuliwe pamoja na mashine, si baada yake.

Dalili: hakuna kitu kabisa

Bustani za Msimbazi zinapuliziwa dawa mwaka mzima, kisima kiko pembeni, na ripoti inasema "haikuonekana". Kabla ya kusherehekea, uliza ulitafuta nini.

Njia ya kromatografia ya gesi kwa viuatilifu vingi haioni glaifoseti, hata kama imejaa. Glaifoseti inapenda maji mno. Inahitaji kubadilishwa kikemia kwa kemikali iitwayo FMOC, kisha kromatografia ya kimiminika, na sampuli yake huchukuliwa kwenye chupa ya plastiki kwa sababu hujishika kwenye kioo. Parakwati nayo haionekani kwa njia ya gesi, na hujishika kwenye kioo. Mankozebu hupimwa kwa kuivunja hadi itoe kaboni daisalfaidi. Imidaklopridi za madukani na za mchwa haziivumilii joto la mdomo wa kudungia. Zipeleke kwenye kromatografia ya kimiminika. Kwa hiyo mchota sampuli atembee shambani kabla ya kurudi. Makopo matupu pembeni ya mfereji yatakupa orodha ya kutafuta iliyo bora kuliko ile ya kwenye kompyuta. Na azungumze na mkulima kwa heshima: "Shikamoo mzee, msimu huu wadudu mnawapiga na dawa gani?" Ukienda kama askari, utaambiwa hapa hatutumii dawa.

Tafuta na kemikali zitokanazo na kuvunjika kwa viuatilifu. Atrazini iliyofika kwenye maji ya ardhini huambatana na dezithili-atrazini, na kloropirifosi huacha trikloropiridinoli. Mzazi asipoonekana, mtoto anaweza kuwepo.

Kisha kikomo chako cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho njia yako inaweza kukiona. Andaa spaiki saba za kiwango cha chini, zipitishe njia nzima, chukua mkengeuko wa kawaida wa matokeo na uzidishe kwa 3.143. Kama kikomo ulichopata ni mikrogramu 0.05 kwa lita, huna haki ya kusema lolote kuhusu dieldrini ambayo mwisho wake ni 0.03. Ripoti iandike "chini ya 0.05", kamwe isiandike sifuri.

Dalili: kifaa cha haraka kinasema ndiyo, mashine inasema hapana

Vifaa vya kingamwili hutambua umbo la molekuli, na ndugu hufanana. Kingamwili ya atrazini huitikia pia triazini nyingine kama propazini. Kifaa kitumike kuchuja visima vingi upesi. Uamuzi uachie mashine, ukiwa na ioni mbili zinazolingana kwa uwiano na standadi ndani ya asilimia 30 na muda wa kutoka usiopishana zaidi ya dakika 0.1.

Dalili: kisima kimoja, majibu mawili

Muulize aliyechota alifungua bomba lipi. Nyumba nyingi za Dar zina kisima, pampu, simtanki juu ya mnara, kisha bomba la uani. Maji ya bomba hilo yamekaa kwenye plastiki nyeusi juani siku kadhaa. Hayo si maji ya ardhini. Ni maji ya tangi, na viuatilifu vyepesi vimeshavunjika au kuondoka. Chota kabla ya tangi, kwenye kiungio cha pampu. Acha pampu iendeshe huku ukisoma pH, joto na upitishaji umeme kila dakika chache. Masomo matatu mfululizo yakitulia, ndipo ujaze chupa. Angalia pia kama fundi ametoka kuibadilisha pampu, maana mafuta na gundi ya mabomba huacha vilele vyake.

Majira nayo yahesabiwe. Kisima kifupi kilichochotwa katikati ya masika na kilekile cha Septemba ni visima viwili kwa mwanakemia. Mvua husukuma chini vile vinavyotembea na maji, kama atrazini na imidaklopridi. DDT na saipamethrini hung'ang'ania udongo, zinasafiri zikiwa zimepanda chembe za tope. Ndiyo maana tope la chupa liandikwe kwenye daftari, na ripoti iseme kama maji yalichujwa.

Dalili: namba ni kubwa kupita akili

DDT huyeyuka kwenye maji kwa mikrogramu chache tu kwa lita. Ukipata 200 kwenye maji maangavu, hayo si mauaji ya halaiki, ni hesabu. Lita moja ikipunguzwa hadi mililita moja imekolezwa mara 1,000: miligramu 1 kwa lita kwenye dondoo ni mikrogramu 1 kwa lita kisimani. Kama dondoo lilikauka hadi nusu mililita na wewe ukaandika moja, umezidisha mara mbili. Kama programu inasoma mikro na ripoti imeandikwa mili, umezidisha mara 1,000. Hesabu hiyo ifanywe tena kwa mkono, na mtu mwingine.

Mwenye kisima anasubiri

Atakuuliza swali moja: "Mwanangu, ninywe nisinywe?" Usimjibu kwa sampuli moja. Kama matokeo yamevuka kikomo, blanki ikiwa safi, spaiki ikiwa ndani ya 70 na 120 na kiuatilifu kimethibitishwa kwa ioni mbili, rudi ukachote tena siku nyingine, chupa mbili, moja ikapimwe kwenye maabara tofauti na yako. Wakati anasubiri, mwambie atumie maji ya chanzo kingine kwa kunywa na kupikia, na umweleze kuwa kuchemsha si njia ya kutegemea kuondoa viuatilifu kama DDT. Majibu mawili yakikubaliana, mpe ripoti yenye namba, kikomo cha ugunduzi, urejeshaji wa spaiki na bomba lililochotwa. Mabaki ya dondoo yake yafunge, yaandike tarehe, yaweke kwenye friza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Afisa wa mazingira au wa viuatilifu akija kuhoji namba hiyo, dondoo lenyewe linadungwa mbele yake.